Kumpamba chale muuaji wa Krismasi kwenye joto la Malindi

Filamu ya pili ya muuaji huanzia kwenye makovu ya ile ya kwanza. Hilo ndilo ninalowaambia vijana wa hapa Malindi wanaonijia na hati zao kwenye simu, wakitaka chale wao aliyemaliza watu kwenye filamu iliyopita arudi msimu wa Krismasi. Kazi yangu ni kupamba maharusi: hina, piko, uso, nywele, mpaka bibi harusi aketi. Filamu za kutisha nazipenda kwa dhati, na mkono unaojua kuficha kovu ndio huo huo unaojua kulitengeneza. Basi nitaeleza ninavyofanya, kwa vitu vinavyopatikana madukani hapa na kwa joto letu.

Wengi huja wakiwa wameiona Terrifier 3, filamu ya Kimarekani ya chale anayeua watu msimu wa Krismasi, iliyotoka Oktoba 2024. Nawaambia waitazame tena, safari hii kwa jicho la fundi. Damien Leone, aliyeiandika na kuiongoza, mwenyewe ni fundi wa majeraha ya bandia. Chale wake, Art, anayechezwa na David Howard Thornton, hatamki neno. Husema kwa uso na mikono. Mwisho wa filamu ya pili Art alikatwa kichwa, na ya tatu ilibidi ieleze kichwa kimerudi vipi. Sienna aliyemkata, anayechezwa na Lauren LaVera, tunamkuta miaka 5 baadaye akitoka hospitali kwenda kukaa kwa shangazi yake sikukuu zikikaribia, mwili una makovu na akili haijatulia. Ya pili iligharimu kama dola 250,000, ya tatu takriban milioni 2, nayo ikaingiza karibu milioni 90. Gharama hizo si kubwa kwa filamu za Marekani. Watu walikwenda kuona ngozi wanayoiamini.

Lakini Art msimuige. Vazi lake jeupe na jeusi, kikofia chake kidogo, hivyo ni vyake. Chale wa Malindi atoke Malindi. Mpeni kazi aliyokuwa nayo kabla hajaanza kuua: alikuwa akichekesha watoto kwenye sherehe za kuzaliwa, au alikuwa akiwapaka rangi watoto wa wageni ufukweni Desemba. Mnapofanya filamu ya pili, mvalisheni kitu alichochukua kwenye ya kwanza. Mimi napenda leso. Kama kwenye filamu ya kwanza aliua mama mwenye leso, ikateni leso ile ile, mkunje marinda, mshone iwe kola ya chale. Mtazamaji atakayeitambua atashtuka kabla panga halijainuliwa.

Na Krismasi nayo iwe yetu. Theluji hatuna. Tuna kaskazi, jasho, hoteli zilizojaa, Baba Krismasi mwenye ndevu za pamba akishuka kwenye tuktuk, tawi la mvinje lililosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga na kuvishwa karatasi za kumetameta, pilau ya jirani kwa jirani, Mwislamu na Mkristo. Chukua kile watu wanachokipenda siku hiyo ukiharibu kimoja kimoja. Zawadi mlangoni ambayo hakuna aliyeileta. Sinia la pilau lililofunikwa kawa, na hakuna anayetaka kulifunua. Hapo sikukuu inafanya kazi ndani ya hadithi.

Kuna mipaka ambayo mimi siivuki, na asiyekubali nayo atafute mpambaji mwingine. Muuaji simvalishi kanzu na kofia. Maulidi na Idd siziingizi katika mchezo wa kumwaga damu, na kanisa tunalipita kwa nje. Tena sipambi maiti wa makaburi ya msituni. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 huko kwenye msitu wa Shakahola, wengi wao waumini wa dhehebu waliofunga kula mpaka kufa, ikaletwa hapa kwetu, na kuna familia ambazo msiba wao haujaisha. Wekeni hofu yenu jikoni, hotelini, ufukweni. Nafasi ipo tele.

Sasa damu.

Anayejua kupika kaimati ameshajua nusu ya kazi, kwa sababu msingi wake ni shira. Vikombe 4 vya sukari kwa vikombe 2 vya maji, bila iliki. Chemsha mpaka ukishika tone kati ya vidole viwili linavuta uzi mfupi, kisha kamulia nusu ya ndimu ndogo ili sukari isigande tena ikipoa. Pembeni koroga kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi kwa maji baridi, umimine kwenye shira ikiwa bado motoni, ukikoroga. Wanga ndio unaoondoa ule mng'ao wa sharubati, maana damu ya mtu haipitishi mwanga. Epua. Rangi nyekundu ya chakula, ile ya unga, iyeyushe kwanza kwa maji ya vuguvugu, uitie kidogo kidogo. Mwisho kakao vijiko 2, nayo imekorogwa kwanza isiwe na madonge. Kakao ndiyo inayoitoa damu kwenye wekundu wa peremende na kuileta kwenye wekundu wa mwili. Pakaza kidogo kwenye sahani nyeupe, uipige picha kwa simu ile ile mtakayorekodia na chini ya taa zile zile. Jicho lako lisikudanganye. Kamera ndiyo mwamuzi.

Igawe mara mbili. Sehemu moja ni ya mdomoni, na haiongezwi chochote. Nyingine ni ya nguo na sakafu, hiyo itie kijiko cha sabuni ya maji ya vyombo, itakusaidia siku ya kufua. Chupa ziandikwe kwa wino mzito, MDOMO na NGUO, na zisikae karibu.

Nguo ya Baba Krismasi ina tabu yake: nyekundu humeza damu. Ukimwaga lita nzima kwenye kifua chake, kamera itaona kitambaa kilicholowa maji tu. Kwa hiyo damu ielekeze kwenye vyeupe: ndevu, kingo za mikono, ukingo wa kofia. Na pamba huifanya damu iwe waridi, basi ile ya ndevu izidishe kakao mpaka mezani ionekane karibu na kahawia. Ikishanyonywa na pamba itakuwa sawa.

Kwa mtu anayekatwa mbele ya kamera, nunua mpira wa dripu na bomba la sindano kubwa, vipya, kwenye duka la dawa, na ncha ya sindano usiichukue kabisa. Mpira unapita chini ya nguo, mdomo wake unafichwa kwenye ukosi au chini ya ndevu, na mtu amejificha nje ya picha anasukuma. Damu ya kupita humo ipunguze uzito kwa maji. Fanyeni mazoezi kwa maji matupu mpaka msukumaji na mwenye panga wanakwenda pamoja, maana damu ikitoka kabla ya panga kufika, hofu yote imekwisha.

Panga lenyewe liwe la ubao mwembamba au sponji ngumu, lipakwe rangi ya fedha. La kweli hata likiwa butu lisiletwe. Hapo sijadiliani na mtu.

Makovu ndipo ninapokaa muda mrefu, na ndipo mafunzo mengi ya kwenye video yanapotupoteza, kwa sababu yanaonyesha ngozi za Wazungu. Kwao kovu huwa waridi kisha jeupe. Ngozi yetu ikipona huacha alama nyeusi zaidi ya mwili, mara nyingi inang'aa, na kwa baadhi yetu kovu huinuka na kuvimba. Msichana aliyenusurika kwenye filamu ya kwanza, kama umepita mwaka, asipakwe wekundu. Chora kovu kwa kahawia iliyokoza kuliko ngozi yake, kingo uzififishe kwa kidole, na juu kabisa pitisha mafuta ya mgando kidogo ling'ae. Kovu la kuinuka litengeneze kwa gundi ya kope: tabaka jembamba, kipande cha tishu kilichochanwa kwa mkono, tabaka jingine, acha kikauke, kisha rangi. Ukikata tishu kwa mkasi, ukingo utaonekana.

Gundi ya kope nyingi zina utomvu wa mpira, na wapo wanaodhurika nao. Jaribu tone moja ndani ya mkono wa mchezaji siku moja kabla. Ngozi ikiwasha au ikivimba, tumia unga wa ngano uliokandwa na mafuta ya mgando mpaka uwe kama donge la chapati. Huo unafaa kwa jeraha bichi lililo wazi: bandika, sawazisha kingo kwa kisu cha plastiki, pasua katikati, jaza damu.

Jelatini, ambayo mafundi wa nje huipenda, mimi siitumii Desemba. Inaanza kuyeyuka kwenye joto linalokaribia la mwili, na kwa kaskazi hii shavu la bandia litashuka mpaka kidevuni kabla hamjawasha taa. Anayeitaka kwa ajili ya chumba chenye feni na baridi, aangalie pakiti kwanza. Nyingine hutokana na nguruwe, na mchezaji Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla haijamgusa.

Piga picha kila jeraha likikamilika: mbele, kushoto, kulia, chini ya taa. Hifadhi picha hizo hata filamu ikiisha. Filamu ya tatu itazihitaji.

Uso wa chale ndio wa mwisho, na saa ya kuuanza inategemea swala. Rangi ya mafuta huzuia maji kufika kwenye ngozi, kwa hiyo mchezaji atawadhe na aswali Isha kwanza, ndipo akae kwenye kiti. Kijana mmoja aliniuliza, "Shangazi, si tuanze saa kumi na moja tupate muda?" Nikamwambia, mwanangu, ukianza saa hiyo utamfutia rangi mwenzako Magharibi, umpake tena, umfute tena Isha, na ngozi itakuwa imechubuka. Usiku tena kuna upepo, na jasho linapungua.

Osha uso, ukaushe, pitisha barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Kwenye nyusi na ukingo wa nywele paka mafuta ya mgando. Nyeupe ipake kwa sponji, kwa kugongagonga, tabaka jembamba sana. Kwenye ngozi nyeusi tabaka la kwanza litaonekana la majivu, na hapo wengi huingiwa na hofu wakaongeza rangi nzito, ambayo itapasuka mtu akitabasamu. Subiri. Tia poda, pangusa inayozidi kwa brashi laini, rudia tabaka la pili, poda tena, na la tatu ikihitajika.

Kisha mwambie acheke kicheko chake cha kuua. Tazama mikunjo inayojitokeza kando ya mdomo na chini ya macho, na weusi uupitishe humo humo. Chale asiyesema anahitaji mistari inayotembea na misuli yake. Ukimchorea mdomo usiokuwa wake, uso utakufa. Kwa filamu ya pili uongeze kitu kimoja: pale alipojeruhiwa mwisho wa ya kwanza, nyeupe isishike vizuri. Acha ngozi ya kovu ionekane kidogo chini ya rangi, kwamba amejipaka mwenyewe, na mkono haukufika au uliuma. Hicho kidogo kinasema mengi kuliko ukurasa mzima wa maneno.

Weusi utumie wanja wa kawaida au rangi ya uso ya duka la vipodozi. Piko usiipeleke usoni hata siku moja. Ni rangi ya nywele, ina kemikali inayoweza kuchoma ngozi na kuacha malengelenge, na karibu na jicho ni hatari kubwa. Chokaa nayo vivyo hivyo, ingawa ni nyeupe na ni rahisi: ikikutana na jasho inababua. Rangi ya ukutani sihitaji kuieleza.

Meno yakaushe kwa tishu na uyapake kakao iliyokorogwa na asali. Itadumu kwa picha chache, kwa hiyo weka bakuli karibu.

Kabla ya kutoka nje, mzee wa mtaa na kituo cha polisi viwe vimeshapewa habari, na vibali vya kurekodia viwe mkononi. Mtu mwenye damu na panga akionekana njiani usiku, majirani hawatauliza kama ni mchezo. Weka mtu mmoja kila mwisho wa njia awaeleze wapita njia. Watoto wa mtaa watakuja tu. Waache wamuone chale akipakwa tangu mwanzo, ndipo warudishwe kwao kabla ya kurekodi. Mtoto aliyeona poda na sponji atalala. Na filamu yenyewe si yao: Ufaransa Terrifier 3 ilizuiwa kwa walio chini ya miaka 18, na ya kwenu ikiwa na damu hii, itegemeeni 18 ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, muipeleke bila kuficha kitu.

Mkimaliza, rangi ifutwe kwa mafuta ya nazi na pamba, taratibu, bila kusugua, kisha sabuni. Gundi ya kope ilainishwe kwanza kwa mafuta hayo hayo, isivutwe kavu. Nguo ziloweke kwenye maji baridi usiku huo huo. Sakafu ioshwe kabla ya kulala, pamoja na kuta na miguu ya meza, kwa kuwa ile ni sukari, na sisimizi wakishaijua nyumba watawaletea tabu wenyewe mpaka mwaka mpya. Damu iliyobaki ikae kwenye friji siku chache tu. Ikitoa harufu ya kuchacha, imwage.