Indianapolis na watoto: msiishie makumbusho

Ukiwapeleka watoto kwenye uwanja wa mbio za magari wa Indianapolis, Marekani, usikate tiketi ya makumbusho peke yake. Ongeza ya basi linalozunguka njia yenyewe ya mbio, na kabla hamjatoka nyumbani hakikisha siku hiyo ziara hiyo ipo. Mwezi Mei uepukeni, maana magari ya mbio huwa kwenye njia hiyo yakijiandaa kwa mbio kubwa za mwaka, zile za maili 500.

Kilele ni mstari wa matofali. Mwaka 1909 njia nzima, kama kilomita 4, ilitandikwa matofali zaidi ya milioni 3. Leo kote ni lami, umebaki ukanda wa sentimita 91 tu pale pa kuanzia na kumalizia, ambao washindi huupigia magoti na kuubusu. Waache watoto nao wapige magoti! Wavalishe suruali isiyoogopa vumbi.

Ndani ya makumbusho litafuteni Marmon Wasp, gari la njano ambalo Ray Harroun alishindia mbio za kwanza za maili 500, mwaka 1911. Wenzake walibeba fundi wa kuwatazamia nyuma. Yeye alikuwa peke yake, akafungia gari lake kioo cha kutazamia nyuma. Waonyeshe watoto kioo hicho, halafu mkirudi kwenye gari lenu waonyeshe cha kwenu.