Shimo la tope la josho: ua dawa hapohapo kabla ya masika

Josho, yaani birika la kuogeshea mifugo dawa ya kupe, likisafishwa, tope la chini huchotwa na kumwagwa kwenye shimo la pembeni. Ndani yake mna samadi, manyoya, mchanga na dawa ya kupe iliyobaki. Likikauka na kupasukapasuka, watu hudhani dawa imekwisha. Haijaisha. Dawa za jamii ya pairethroidi, yaani sipamethrini, deltamethrini na ndugu zake, hung'ang'ania chembe za samadi, na zikishajishika humo huoza polepole sana. Mvua kubwa hubeba chembe hizo hadi mtoni, na samaki hufa kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona.

Kulipakia tope kwenye tela ukalitupe korongoni ni kumpelekea jirani balaa. Kulitawanya shambani kwa kuwa lina samadi ni kosa baya zaidi, na ndilo linalofanyika mno. Litibu lilipo, katika miezi ya kiangazi.

Kwanza jua ni dawa gani. Soma daftari la josho na vibandiko vya makopo, maana tiba ya dawa moja ni kinga ya nyingine. Pairethroidi huvunjika kwenye maji yenye chokaa. Amitrazi, dawa nyingine ya kupe, ni kinyume chake: chokaa huihifadhi. Ndiyo maana baadhi ya majosho ya amitrazi huwekewa chokaa makusudi, ili dawa isipoteze nguvu. Ukimwaga chokaa kwenye shimo la amitrazi umeilinda sumu uliyotaka kuiua.

Tuanze na pairethroidi. Inahitajika chokaa iliyozimwa, ule unga laini unaouzwa kwa ajili ya kupaka kuta. Chokaa ya shambani, ile ya kupunguza tindikali ya udongo, haifai hapa: ni mawe yaliyosagwa, na haiwezi kupandisha pH (kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, juu yake ni upande wa chokaa) kufikia kiwango tunachotaka, yaani 11 hadi 12. Chokaa hai isiyozimwa huchemka ikigusa maji na kuunguza watu, iache. Hata chokaa sahihi huharibika mfuko ukikaa wazi, kwa kuwa hewa huigeuza taratibu kuwa kama ile ya shambani. Ipime dukani: weka kijiko kimoja kwenye sahani, dondoshea siki au maji ya ndimu. Ikitoa povu jingi la mapovu madogo, imeshakufa, usiinunue.

Kiasi hupatikana kwa ndoo, si kwa kukisia. Koroga shimo, chota lita 10, tia gramu 50 za chokaa, koroga tena, funika. Kesho yake pima kwa karatasi ya pH. Ikiwa chini ya 11, ongeza gramu 20 na usubiri siku nyingine. Gramu 50 kwa lita 10 ni sawa na kilo 5 kwa lita 1,000. Shimo lenye urefu wa mita 4, upana mita 3 na kina cha tope mita 1.5 lina lita 18,000, basi linataka kilo 90, yaani mifuko minne ya kilo 25 na akiba kidogo. Tope zito lenye samadi nyingi hula chokaa zaidi, na ndiyo sababu ya kupima kwa ndoo.

Usirushe unga mkavu juu ya tope. Utaganda juu na chini kubaki vilevile. Koroga kilo 20 ndani ya pipa lenye lita 150 za maji hadi uwe uji mwepesi, kisha umwage kidogokidogo huku wawili wakikoroga kwa mipini mirefu. Tope likiwa kavu liloweshe kwanza, kwa sababu dawa huvunjikia ndani ya maji. Rudia kukoroga kila siku ya tatu kwa wiki nne, ili chembe zilizojificha chini zifikiwe. Pima pH kila wiki: hewa huishusha, na ikifika chini ya 11 ongeza uji. Vaa magambuti, glavu ndefu za mpira na miwani, upepo ukiwa mgongoni. Chokaa ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 15 kisha nenda zahanati.

Shimo la amitrazi lisilo na chokaa hujitibu lenyewe kwa sehemu kubwa: bakteria wa samadi huila dawa hiyo. Kazi yako ni kulikoroga mara kwa mara na kuzuia lisifurike. Kama josho liliwekewa chokaa, ongeza samadi mbichi, koroga, na ngoja pH ishuke chini ya 9.

Majosho ya zamani ni habari nyingine kabisa. Kabla ya dawa za leo palitumika sumu ya aseniki, baadaye dawa za toksafini na lindeni. Aseniki haiozi. Waulize wazee waliokuwa wakiogesha ng'ombe, na kabla ya kugusa chochote peleka sampuli maabara. Tanzania yupo Mkemia Mkuu wa Serikali. Shimo la namna hiyo halichimbwi wala halitiwi samadi au mbolea ya fosfeti, kwa sababu fosfeti huing'oa aseniki kwenye udongo ulioishika, na tope lililotota likiwa na samadi huyeyusha kutu ya chuma iliyoifunga. Lifunike kwa mfinyanzi ulioshindiliwa, nusu mita, mgongo ukiinuka katikati ili maji yateleze. Zungushia uzio.

Kwa pairethroidi na amitrazi, baada ya tiba na pH kushuka chini ya 9, maji yanayobaki yamalizie kwenye kitanda cha mboji. Chimba sentimita 70, tandaza mfinyanzi sentimita 10 chini, kisha jaza mchanganyiko wa mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa sehemu 2, mboji sehemu 1 na udongo wa juu sehemu 1. Uache mwezi mzima ukiwa na unyevu kabla ya kuutumia, panda nyasi juu, uezeke kwa mabati. Kosa la kawaida ni kumwaga yote siku moja: kitanda kikitota hewa hutoka, wadudu wadogo wanaoila dawa hufa, na maji hupenya chini. Mwaga ndoo chache kwa siku. Ukifinya konzi ya mchanganyiko, mkono ulowe bila maji kudondoka. Nyasi hizo zisilishwe mifugo.

Mtaro wa kukinga maji ya mlimani uwe umezibuliwa kabla ya masika, na ukingo wa shimo ubaki nusu mita juu ya tope.