Kuweka potasiamu kwenye akwariamu ya mimea bila kubahatisha

Jirani yangu aliniletea jani la Hygrophila, mmea wa majini, lililojaa vitundu, kila kimoja kimezungukwa na umanjano. Alidhani konokono wanalila. Ni njaa ya potasiamu, na hatua nilizompa ndizo hizi.

1. Kagua majani ya zamani. Mmea ukipungukiwa, huihamisha potasiamu kutoka majani makuukuu kwenda machipukizi, hivyo vitundu huanzia chini. Majani machanga yakipauka kwanza, shuku madini ya chuma. Na kama una Microsorum, lile kangaga la Java, usiogope madoa meusi yaliyojipanga mgongoni mwa jani: hivyo ndivyo linavyozaa.

2. Pata lita halisi. Urefu mara upana mara kina cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Kina kianzie juu ya changarawe.

3. Nunua mbolea ya salfeti ya potasiamu inayoyeyuka yote, kutoka duka la pembejeo. NPK ya shambani usiiguse: nyingi zina amonia au yurea, na amonia inaua samaki.

4. Piga hesabu. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo soma taratibu. Mfuko umeandikwa 0-0-50. Hiyo 50 si potasiamu. Ni asilimia ya oksaidi yake, K2O. Potasiamu yenyewe ni 83% tu ya oksaidi, kwa hiyo mfuko una 41.5%. Gramu 1 inakupa miligramu 415, basi. (Salfeti ya potasiamu safi ya maabara hufika karibu 45%, usichanganye hesabu hizo mbili.)

Mimi hulenga miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Kupandisha 10 kwenye lita 100 unahitaji miligramu 1,000 za potasiamu, yaani gramu 2.4 za mbolea. Kijiko hakifai kabisa, maana mbolea ya unga na ya punje hazilingani uzito. Tafuta mizani ndogo kama ya sonara.

Bora zaidi, tengeneza maji ya akiba: gramu 25 kwenye chupa, jaza maji hadi mililita 500. Huyeyuka kwa uvivu, kwa hiyo tumia maji ya vuguvugu, tikisa, iache ilale mpaka kesho. Chembe zikibaki chini, usipime bado, kwani juu patakuwa pepesi kuliko hesabu yako. Ikishakuwa angavu, kila mililita 10 huongeza karibu miligramu 2 kwa lita kwenye tangi la lita 100. Pimia bomba la sindano.

5. Weka baada ya kubadili maji. Badili nusu kila wiki, kisha weka mililita 50 kwa lita 100. Kama maji unayoongeza hayana potasiamu, hata mimea isipokula chochote kiwango hakitapita miligramu 21 kwa lita, kwa sababu nusu ya yote hutoka kila wiki. Ndiyo maana napendelea utaratibu huu kuliko vile vipimo vya potasiamu vya kutazama ukungu wa maji, ambavyo ni vigumu kusoma.

6. Kata majani yaliyotoboka. Hayaponi. Angalia yale yaliyoota baada ya kuanza dozi. Yakizeeka bila kutoboka, endelea na kiwango hicho hicho.