Mkongo, mpingo na mninga: kuotesha miti ya asili kwa mbegu

Usihamishe miche ya porini kwa jembe. Mche wa mkongo wenye urefu wa kiganja juu ya ardhi huwa umeshazamisha mzizi mkuu mbali chini. Ukiung'oa unaukata mzizi, na mche unakauka. Otesha mbegu.

Kwanza uujue mti. Majina hubadilika njiani: mkongo wa Tanzania ndio mbambakofi wa pwani ya Kenya, Afzelia quanzensis. Piga picha ya jani pande zote mbili likiwa kwenye kitawi chake, ua, ganda la mbegu na gome, na uandike tarehe na mahali. Ukibaki na shaka, kausha kitawi katikati ya magazeti ukipeleke kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Msitu wa hifadhi hauingiwi bila ruhusa: Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kwa Tanzania, Shirika la Misitu (KFS) kwa Kenya. Wa kijiji, pitia serikali ya kijiji.

Chuma maganda yakishakuwa ya kahawia, kwenye miti 10 au zaidi iliyo mbalimbali. Mbegu za mti mmoja wa kando ya barabara zitakupa kitalu cha ndugu watupu, na ugonjwa ukiingia hupita na wote. Usizidishe moja ya tano ya mbegu zilizokomaa. Yenye tundu dogo kama la sindano imeshaliwa na mdudu, itupe.

Mbegu ya mkongo ni nyeusi na imevaa kofia nyekundu. Ivue kofia, kisha ukwaruze ganda kwenye sakafu ya saruji, upande ulio mbali na kofia, maana kiini kiko upande wa kofia. Ukiona weupe, acha. Loweka kwenye maji baridi saa 24. Isiyovimba haikukwaruzwa vya kutosha, irudie. Ya mpingo ni laini: kuloweka tu kunatosha, na usikawie kupanda. Ya mninga ndiyo inayotoa jasho, kwani imefungwa katikati ya ganda lenye miiba kama ya nungunungu. Vaa glavu na ulikate kwa mkasi wa kupogolea. Kisu huteleza.

Changanya udongo wa juu debe 3, mchanga 1, samadi iliyooza 1. Ongeza konzi chache za udongo wa chini ya mti mama, kwa sababu una vijidudu vinavyoishi na mizizi yake. Kwa mkongo tumia viriba (mifuko ya kuoteshea miche) vya kina cha sentimita 25. Vifupi hukunja mzizi, na mzizi uliokunjika haunyooki tena. Fukia kina cha unene wa mbegu mara mbili, na funika kwa wavu, panya wanaipenda mno mbegu ya mkongo. Maji kila asubuhi, si mpaka yatuame: shina likilegea usawa wa udongo, umezidisha. Sogeza viriba kila wiki 3 mizizi isishike ardhi, punguza kivuli mwezi wa mwisho, panda mvua zikishakolea.

Mche wa mninga huwadanganya wengi. Kila kiangazi shina lake hukauka mpaka chini, na hurudia hivyo miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa. Usiung'oe. Chomeka kijiti pembeni, fyeka nyasi mita moja kuzunguka moto usiufikie, halafu kwaruza kwa ukucha pale shina linapoingia ardhini. Pakiwa kijani, subiri mvua.