Kuchonga sura yenye hisia kama za Katsura Funakoshi

Watu wengi wakitaka sanamu ionekane ina huzuni wanapinda mdomo wanaweka na machozi, mwishowe inakuwa katuni. Funakoshi (1951–2024), mchongaji wa Japani, alienda kinyume kabisa, watu wake hawacheki hawalii, wametulia tu, afu ukisimama mbele yao unabaki unajiuliza huyu kapatwa na nini.

Anza na mchoro. Jamaa alikuwa anachora kwa saizi ya sanamu yenyewe kabla hajashika patasi, na wewe usiruke hapo, penseli inafutika ila gogo ukishalikata limekatika.

Mti wake ulikuwa mkafuri, wenyewe wanauita kusunoki, Wajapani wanauchongea sanamu za Buddha tangu karne ya 7. Ni mlaini na wadudu hawaupendi (harufu yake utaenda nayo mpaka kitandani). Gogo likauke vizuri, na kama lina kiini katikati fanya kama mafundi wa zamani, chana mgongo makusudi ili ufa utokee huko na sio usoni. Chonga kuanzia kichwa mpaka kiunoni basi, inatosha.

Sasa macho, hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Ya Funakoshi ni marumaru iliyopakwa rangi. Uso ukikaribia kuisha kata kisogo kiwe kama kifuniko, chimba kwa ndani taratibu mpaka utokee kwenye kope, afu penyeza jicho kutokea ndani. Mbinu ya kuingiza macho kwa ndani ni ya kale, sanamu ya Amida (mmoja wa Mabuddha) kwenye hekalu la Chogaku-ji kule Nara, Japani, ina macho ya fuwele tangu 1151. Ila ujanja wa Funakoshi ni mboni, zinaelekea nje kidogo kila moja upande wake, kwa hiyo hata ujisogeze vipi hamgongani macho, anaonekana yuko mbali na mawazo yake.

Rangi paka nyepesi, nyuzi za mti zionekane, na alama za patasi kwenye nguo ziache, mi naona ukipiga msasa kila mahali unaua kila kitu.

Macho yashikize kwa nta kwanza usiwahi gundi, rudi nyuma hatua kadhaa, zunguka, akikutazama popote pale chomoa upange upya, kisogo utafunga baadaye.