SOMO: utajuaje gemu ya chesi ni kali kweli au ni mbwembwe tu

Wakuu salaam. Jana barazani hapa Ngamiani mtu katoa malkia (kamwacha aliwe makusudi), watu makofi, wakati mwenzie angemwacha tu yule malkia shughuli ingeishia palepale. Sisi Tanga wengi tumetokea kwenye drafti na drafti kula ni lazima, chesi sio hivyo, mtu ana ruhusa ya kukataa. Sasa fuata hivi.

Hatua ya 1. Panga ubao, cheza gemu ya Paul Morphy, bingwa wa Marekani, Paris 1858, jumba la opera, yeye mweupe, weusi ni Duke wa Brunswick na Count Isouard wanashauriana wawili. Muvu 17 tu.

Hatua ya 2. Simama muvu ya 16. Malkia wa mweupe kaingia b8 (herufi na namba ni jina la kijumba cha ubao), cheki, yaani mfalme katishiwa. Tafuta pa kutokea: mfalme akienda e7 askofu wa g5 anamngoja, wa kuziba hakuna, imebaki farasi wa d7 amle malkia. Akila, ngome inatua d8, mati, mfalme hana pa kukimbilia, gemu imeisha. Yaani Morphy kaigeuza chesi ikawa drafti!

Hatua ya 3. Angalia nani kalala. Ngome ya h8 na askofu wa f8 wa weusi hawajatoka nyumbani toka gemu ianze. Mweupe ukiacha askari kabaki na ngome moja na askofu mmoja, na wote wawili wamo kwenye kuua.

Hatua ya 4. Rudi muvu ya 8. Malkia wa Morphy angeweza kumla askari wa b7, ila weusi wangelazimisha kubadilishana malkia gemu ikapoa. Morphy kamwacha yule askari, kamleta farasi kutoka nyumbani aje vitani. Kwangu hii ndio kali kuliko ya malkia, haina makelele tu.

MASWALI

– Mwalimu, kwa hiyo kama halazimiki kula gemu sio kali?
Hapana mdogo wangu. New York 1956, Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, ana miaka 13, anacheza weusi, muvu ya 17 kamwachia mpinzani wake Donald Byrne malkia. Byrne angemla askofu badala ya malkia, farasi angemfunga mapema tu, kala malkia, kafungwa muvu ya 41. Kote moto.

– Shikamoo, app imenipa alama mbili za mshangao (!!, yaani muvu kali sana), na mimi nimo?
Marahaba. Tuma gemu nzima tuone, kama mwenzio alishajiharibia mwenyewe hapo umeokota.

– Gemu ikiwa na makosa je?
Inaweza kuwa kali vilevile. Mjerumani Adolf Anderssen, London 1851, katoa askofu, ngome mbili na malkia, kompyuta za leo zinamkosoa na watu bado wanaicheza. Ila usiijaribu kwa yule mzee wa barabara ya 15, yule hali kitu.