Usihesabu chaneli, hesabu wenye chaneli

Juzi pale Jaws Corner, baraza yetu ya Mji Mkongwe, kahawa mkononi, jamaa kashikilia habari yake ni ya kweli kwa sababu kaipata sehemu tatu: ITV, Radio One na Nipashe. Yakhe, zote hizo mwenyewe mmoja, kampuni ya IPP. Umesikia mara moja tu hapo.

Sasa fanya hivi. Siku moja tu, andika kila ulipopata habari, hata zile za kuforwadiwa WhatsApp, halafu mbele ya kila jina tia mwenyewe ni nani. Gazeti rahisi, tafuta maandishi madogo ya mchapishaji, na mtandaoni teremka mpaka chini kabisa ya peji. Mwananchi na Mwanaspoti utakuta kampuni moja, nayo iko chini ya Nation Media Group ya Nairobi. ZBC na Zanzibar Leo ni serikali, hapo hutafuti kitu. WhatsApp na Facebook zote za Meta, kwahiyo ukitoka huku ukenda kule umehama chumba tu.

Kisha, na hapa ndo penye utamu, uliza huyo mwenyewe anauza nini chengine. Chukua Azam. Ni ya Bakhresa, mtoto wa hapahapa Zanzibar: tivii yake, unga wake, juisi yake, na boti ya Kilimanjaro unayovukia kwenda Dar pia yake. Simsingizii mtu, mie mwenyewe king'amuzi ninacho kwa ajili ya mpira. Lakini ikitoka habari ya bei ya unga au nauli ya boti usitosheke na hapo, isikilize na kwengine, na ukiikosa huko kwengine angalia nani anawapa matangazo maana redio ndogo hula kwa matangazo.

Na mwenye kuuliza kwanini wengine nao wasifungue tivii zao, 2021 Azam walisaini na TFF, shirikisho la mpira, miaka 10, shilingi bilioni 225.6, kuonesha Ligi Kuu Bara. Mwenye redio ya mtaani kule Wete, Pemba, atazitoa wapi? Mpira ukiwa kwako, watu watanunua king'amuzi chako, na akishakinunua mtu na taarifa ya habari ataiangalia hapohapo.

Orodha yangu mie ilitoka majina 10, wenyewe watano. Mwenye kuzidisha watano aniambie, nataka kujua anasoma nini.